Mwasisi au wa Kwanza? Lugha ya Sarafu ya Fedha ya Uhuru wa Ghana

Utangulizi

Wanafunzi wa isimujamii wamezoea kuitafuta sera ya lugha katika katiba, katika ripoti za tume za elimu na katika hotuba za viongozi. Ni nadra kwao kuitafuta mfukoni. Hata hivyo, sarafu nayo ni matini. Ina mwandishi wake, ambaye ni dola. Ina hadhira yake, ambayo ni kila mtu anunuaye na auzaye. Na ina nafasi finyu mno ya maandishi, kiasi kwamba kila neno linaloingia humo limechaguliwa na mengine mengi yameachwa nje. Kwa sababu hiyo, maneno manne au matano ya sarafu yanaweza kufichua mengi kuhusu jinsi taifa linavyojiona.

Makala haya yanachunguza sarafu moja: shilingi kumi ya fedha iliyotolewa na Ghana mwaka 1958 kwa kumbukumbu ya uhuru uliopatikana tarehe 6 Machi 1957. Hoja inayojengwa ni kwamba sarafu hiyo ilibeba mgongano ambao haukuwahi kusuluhishwa. Picha yake ilikusudiwa kumfikia raia asiyejua kusoma, ilhali maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo raia wengi waliojua kusoma hawakuifahamu. Aidha, neno lililoteuliwa kumweleza kiongozi lilikuwa neno lisiloweza kurithiwa na mtu mwingine. Ili kuipima hoja hiyo, sarafu ya Ghana italinganishwa na sarafu za Tanzania na Kenya, ambazo zilitoka miaka michache baadaye na kufuata njia tofauti.

Fedha na fedha

Kiswahili chenyewe kinampa mchunguzi wa mada hii mwanzo mwema. Neno "fedha" asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni yale madini meupe ya thamani. Katika Kiswahili neno hilo limebeba maana mbili: madini hayo, na chochote kitumikacho kununulia na kulipia. Upanuzi huo wa maana haukutokea hewani. Katika karne ya 19, biashara ya pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea sana riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, mtawala aliyefariki mwaka 1780, ambaye riale yake iliendelea kuchapwa kwa tarehe ya mwaka huo huo miaka mingi baada ya kifo chake. Maandishi ya riale hiyo yalikuwa ya Kilatini. Aliyeipokea Unguja hakuhitaji kuyasoma. Alichokihitaji ni uzito na usafi wa madini.

Kila utawala uliopita katika pwani na bara ulikiachia Kiswahili jina la sarafu yake. Rupia na pesa zilitoka Bara Hindi. Hela ilitokana na sarafu ndogo ya Wajerumani iliyotumika katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Shilingi ililetwa na Waingereza. Msamiati wa fedha katika Kiswahili, kwa hivyo, ni historia fupi ya waliotawala. Majina yamebaki, lakini watawala wameondoka.

Sarafu ya kumbukumbu inazitenganisha tena zile maana mbili za neno "fedha". Ni fedha kwa maana ya madini, lakini kwa kawaida si fedha kwa maana ya matumizi. Hata kama sheria inairuhusu kulipia deni, hakuna ampelekeaye muuza mkate. Huwekwa sandukuni. Kazi yake ni kusema, si kununua. Ndiyo maana inafaa kuchunguzwa kama matini.

Sarafu yenyewe

Kabla ya uhuru, nchi iliyoitwa Gold Coast ilitumia fedha za Bodi ya Sarafu ya Afrika Magharibi, chombo kilichoundwa mwaka 1912 kuhudumia makoloni ya Uingereza katika eneo hilo. Mwaka 1957, mwaka ule ule wa uhuru, iliundwa Benki ya Ghana, na mwezi Julai 1958 ikatoa pauni ya Ghana. Mgawanyo wa pauni hiyo ulikuwa wa Kiingereza: shilingi 20 kwa pauni, na peni 12 kwa shilingi. Sarafu za matumizi zilianzia nusu peni na peni, zote za shaba, zikapanda hadi shilingi mbili, ambazo zilikuwa za mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Juu ya hizo zote ilisimama shilingi kumi, yaani nusu pauni. Hii ilikuwa ya fedha yenye usafi wa sehemu 925 kwa kila 1,000, na uzito wa gramu 28.28, madini halisi ya fedha ndani yake yalifikia gramu 26 hivi. Ilichapwa kwa uangalifu wa pekee, uso wake ukang'arishwa, iwe ya kuhifadhiwa na si ya kuzungushwa sokoni.

Upande mmoja unaonyesha kichwa cha Kwame Nkrumah akitazama kulia. Sura hiyo ilichongwa na Paul Vincze, mchongaji mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza. Upande wa pili unaonyesha nyota ya pembe tano. Nyota hiyo ndiyo ile ya bendera ya Ghana iliyobuniwa na Theodosia Okoh, na inakumbusha Black Star Line, kampuni ya meli iliyoanzishwa na Marcus Garvey mwaka 1919 kwa ndoto ya kuwaunganisha watu weusi wa pande zote za bahari. Katika bendera nyota ni nyeusi. Katika sarafu ina rangi ya madini yenyewe, na mtazamaji ndiye anayepaswa kuujazia weusi wake akilini.

Kuukizunguka kichwa cha Nkrumah yako maneno haya: KWAME NKRUMAH CIVITATIS GHANIENSIS CONDITOR. Maneno hayo hayo yaliandikwa katika sarafu ndogo za matumizi. Shilingi kumi ya fedha iliyatangaza tu kwa madini bora na kwa nafasi pana zaidi.

Kichwa cha nani?

Msomaji wa leo anaweza kudhani kwamba nchi huru kuweka kichwa cha kiongozi wake katika sarafu ni jambo la kawaida. Mwaka 1957 halikuwa hivyo. Ghana ilipata uhuru ikiwa bado chini ya taji la Uingereza. Nkrumah alikuwa Waziri Mkuu, na Malkia Elizabeth II aliendelea kuwa mkuu wa dola hadi tarehe 1 Julai 1960, Ghana ilipokuwa jamhuri. Kwa desturi ya wakati huo, kichwa kilichostahili kuwa katika sarafu kilikuwa cha Malkia. Serikali ya Nkrumah ilipotangaza kwamba kichwa hicho kingeondolewa na mahali pake kuwekwa cha Waziri Mkuu, upinzani nchini ulikosoa, ukiona humo dalili ya kiongozi kujikweza juu ya taifa.

Nkrumah alijibu hadharani. Mwezi Juni 1957, katika gazeti moja la Uingereza, alieleza kwamba watu wengi wa nchi yake hawakujua kusoma wala kuandika, na kwamba walihitaji kuonyeshwa kwa ishara kuwa sasa walikuwa huru kwa kweli. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mkulima wa kakao aliyeuza mavuno yake kwa miongo kadhaa akipokea sarafu zenye taji la Uingereza hangeweza kuuona uhuru katika sheria iliyopitishwa na Bunge la London. Lakini siku ambayo sarafu mkononi mwake ingebeba sura ya Mwafrika, angejua kwamba jambo fulani limebadilika. Kwa lugha ya semiotiki, Nkrumah aliitambua sarafu kuwa ishara inayosambaa bila kuhitaji shule wala gazeti.

Hoja ya wapinzani nayo ilikuwa na uzito wake. Kama lengo lilikuwa kuonyesha uhuru, nyota peke yake ingetosha. Au kakao, au ngoma, au kigoda cha enzi. Kumwondoa mtawala mmoja katika sarafu na kumweka mwingine hakujibu swali la iwapo sarafu ni mali ya mtawala au ya watu. Swali hilo lilibaki wazi, na historia ilikuja kulijibu kwa ukali.

Maana ya maandishi

Sasa yatazamwe maneno yenyewe. Neno "civitatis" ni umbo milikishi la "civitas". Kilatini huonyesha umilikishi kwa kubadilisha mwisho wa nomino, pale ambapo Kiswahili hutumia kihusishi "-a" kilichopatanishwa na nomino inayomilikiwa. "Ghaniensis" ni kivumishi kilichoundwa kutokana na jina la nchi, kwa kanuni ile ile iliyoyapa majimbo ya kale ya Kirumi vivumishi vyao. "Conditor" ni nomino ya mtendaji kutoka kitenzi chenye maana ya kuweka pamoja, kujenga, kuasisi. Tafsiri ya moja kwa moja ni "Kwame Nkrumah, mwasisi wa dola la Ghana".

Tafsiri hiyo inaonekana rahisi, lakini mtafsiri makini atasita mara mbili. Kwanza, "civitas" katika Kilatini ni jumuiya ya raia, ni hali ya uraia, na ni dola pia. Kiswahili kina maneno manne yanayogombania nafasi hiyo: dola, taifa, nchi na umma. Akisema "dola", mtafsiri anasisitiza mamlaka. Akisema "taifa", anasisitiza watu wanaojihisi kuwa wamoja. "Nchi" inaelekeza kwenye ardhi na mipaka. "Umma" unaelekeza kwenye halaiki. Je, Nkrumah aliasisi kipi kati ya hivyo? Dola lilitokana na mazungumzo ya kikatiba na sheria ya uhuru. Nchi ilikuwapo na mipaka yake ilichorwa na wakoloni. Watu walikuwapo karne nyingi kabla yake. Taifa ndilo lililokuwa likianza kujengwa, na ujenzi huo ulihitaji mikono mingi.

Pili, "conditor" si neno lisilo na historia. Warumi walilitumia kumtaja Romulus, yule ambaye hekaya zao zinasema aliujenga mji wa Roma. Kulichagua neno hilo ni kumpanga Nkrumah katika safu ya waasisi wa kale, wenye hadhi inayokaribia ya mizimu. Katika Kiswahili, "mwasisi" lina heshima lakini halina wingu hilo la hekaya. "Mwanzilishi" liko chini zaidi; hata chama cha mpira kina mwanzilishi wake. Hakuna kisawe kimoja kinachobeba mzigo wote wa neno la Kilatini, na hilo peke yake linaonyesha ukubwa wa dai lililotolewa.

Kwa nini Kilatini?

Wahenga walinena, Mgala muue na haki yake mpe. Uteuzi wa Kilatini unaweza kutetewa kwa sababu tatu.

Mosi, ni desturi ya sarafu. Sarafu za Uingereza ziliandikwa kwa Kilatini, na zile za George V na George VI zilizotumika Afrika Magharibi na Mashariki zilibeba cheo cha mfalme kwa lugha hiyo hiyo. Aliyezoea kuona Kilatini kikizunguka kichwa cha mfalme angeona kichwa kisicho na Kilatini kuwa pungufu. Pili, Ghana ni nchi ya lugha nyingi. Akan, Ewe, Ga na Dagbani ni baadhi tu ya lugha zake. Kuchagua mojawapo kungeweza kuzusha manung'uniko, na kuchagua Kiingereza kungekuwa kubakiza lugha ya mkoloni mahali penye hadhi kuu. Kilatini hakikuwa lugha ya mama ya yeyote, kwa hivyo hakikumpendelea yeyote. Tatu, lilikuwapo suala la hadhi. Taifa changa lililotazamwa kwa dharau na wengi lilitaka kusema kwamba linastahili lugha ile ile ya fahari ambayo Ulaya ilijitwalia.

Sababu hizo zote ni za kueleweka, lakini zinagongana na sababu aliyoitoa Nkrumah mwenyewe. Ikiwa sarafu ilikusudiwa kwa asiyejua kusoma, basi maandishi hayakumhusu. Na ikiwa ilikusudiwa kwa ajuaye kusoma, basi aliandikiwa asichokielewa. Picha ilisema, "Huyu ni wako." Maandishi yalisema jambo kubwa zaidi, kwamba huyu ndiye aliyeijenga dola, lakini yalilisema kwa sauti ambayo ni wachache waliopitia shule za sekondari na seminari walioweza kuisikia. Dai zito kuliko yote lilifichwa katika lugha isiyoweza kujadiliwa sokoni.

Hapa ndipo kilipo kiini cha somo. Lugha isiyo ya mtu yeyote haina upendeleo, lakini pia haina mtetezi. Dai lililotolewa kwa lugha hiyo haliwezi kukubaliwa na watu kwa dhati, kwa sababu hawajaulizwa. Ingawa kutumia Kilatini kulikusudiwa kuonyesha usawa na mtawala wa zamani, kulimwiga mtawala huyo katika tabia yake moja mbaya: kuwaandikia watu maneno wasiyoweza kuyasoma katika mali yao wenyewe.

"Rais wa Kwanza"

Miaka minane baadaye, mwaka 1966, Tanzania ilitoa sarafu zake. Sehemu kubwa ya mpango wake ililingana na wa Ghana: kichwa cha kiongozi upande mmoja, alama ya taifa au mnyama upande wa pili. Senti tano ilikuwa na samaki, senti ishirini mbuni, senti hamsini sungura, na shilingi moja mkono ulioshika mwenge. Tofauti ilikuwa katika maandishi. Thamani iliandikwa kwa Kiswahili, na kando ya kichwa cha Julius Nyerere yaliandikwa maneno RAIS WA KWANZA.

Maneno hayo matatu yanastahili uchambuzi wa kisarufi. "Rais" ni cheo, si sifa ya mtu. Mwingine anaweza kukishika. "Wa kwanza" ni kivumishi cha idadi cha mpango, na kivumishi cha namna hiyo kina dhana iliyofichika ndani yake: penye wa kwanza panatarajiwa wa pili. Hakuna anayesema "mtoto wa kwanza" bila kuufungua mlango kwa wa pili, hata kama wa pili hatazaliwa. Kwa hiyo, sarafu iliyomtukuza Nyerere ndiyo hiyo hiyo iliyotangaza, kwa Kiswahili kilichosomeka sokoni, kwamba nafasi yake ina mwisho na ina mrithi.

"Conditor" halina wa pili. Dola huasisiwa mara moja tu. Atakayefuata anaweza kuwa rais, lakini hawezi kuwa mwasisi. Na anayemwondoa mwasisi analazimika ama kuishi katika kivuli chake ama kulifuta jina lake. Haisemwi hapa kwamba neno la sarafu liliamua historia ya nchi. Kinachosemwa ni kwamba maneno hayo mawili yanaonyesha namna mbili za kuyaelewa madaraka. Nyerere aliondoka katika urais mwaka 1985 kwa hiari, na Kiswahili kikanufaika kwa neno "kung'atuka", lililotoka katika Kizanaki, lugha yake ya mama, likaenea kote. Sura yake haikulazimika kufutwa. Imeendelea kuonekana katika fedha za Tanzania.

Yaliyoipata sura ya Nkrumah

Ghana yenyewe ilianza kuirekebisha lugha ya fedha zake kabla ya Nkrumah kuondolewa. Tarehe 19 Julai 1965 pauni ilitupwa na mahali pake ikaja sedi iliyogawanywa katika pesewa 100. Majina yote mawili ni ya Kiakan. Sedi linatokana na neno la kauri, yale magamba madogo ya baharini yaliyokuwa fedha ya Afrika Magharibi kabla ya sarafu za Wazungu; pesewa linatokana na jina la kipimo kidogo cha kupimia vumbi la dhahabu. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya ziada ya kulipenda jina la kwanza. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg walibeba shehena kubwa za kauri kutoka Zanzibar kwenda kuziuza Afrika Magharibi. Magamba yale ambayo pwani ya Waswahili yalitumika kama kete za mchezo, kule yalinunua chakula.

Kwa hiyo, jibu la tatizo la lugha lilikuwapo siku zote. Lugha ya Kiafrika ingeweza kuingia katika sarafu bila taifa kuvunjika. Hata sifa ya Nkrumah ingeweza kuandikwa kwa lugha hiyo, kwani jina lake la heshima, Osagyefo, ni la Kiakan na lilijulikana kote nchini.

Tarehe 24 Februari 1966, Nkrumah akiwa safarini Asia, jeshi na polisi walimpindua. Sanamu yake jijini Accra iliangushwa. Mwaka uliofuata serikali mpya ilitoa sedi mpya, na katika sarafu za mwaka huo 1967 kichwa cha mwasisi hakikuwamo. Mahali pake palionekana ngoma na kakao. Nyota iliokolewa. Alama iliyokuwa ya wote ilivuka mapinduzi. Alama iliyokuwa ya mmoja haikuvuka. Wale waliouliza mwaka 1957 kwa nini nyota isitoshe walipata jibu lao, ingawa kwa njia ambayo wengi wao hawangeitamani.

Kuna kinaya kimoja cha mwisho. Fedha za matumizi zenye sura ya Nkrumah ziliondolewa sokoni. Shilingi kumi ya fedha haikuwa na soko la kuondolewa. Ilikuwa tayari imelala masandukuni, na humo ikabaki, ikisema kwa Kilatini kile ambacho sokoni hakikuruhusiwa tena. Muda ulipopita, Ghana ilipatana na historia yake. Mwaka 2010 ilitolewa noti ya sedi mbili yenye sura ya Nkrumah kuadhimisha miaka 100 tangu azaliwe. Safari hii alirudi kama sehemu ya kumbukumbu ya taifa, baada ya watu wenyewe kumpima.

Funzo kwa Kenya

Kenya haikutumia Kilatini, lakini haikuepuka swali la kichwa. Kuanzia mwaka 1969, sarafu zake zilimzungushia Jomo Kenyatta maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Rais wa Kwanza wa Kenya", na baada yake jina lililotanguliwa na neno moja la Kiswahili: Mzee. Ni neno hilo moja, katikati ya Kiingereza, lililobeba heshima yote. Kiingereza kilipewa cheo, Kiswahili kikapewa utu. Mgawanyo huo wa kazi kati ya lugha mbili unafahamika vyema na kila mwanafunzi wa isimujamii ya Kenya.

Mwaka 2003, Kenya ilitoa sarafu ya shilingi 40 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ilibeba sura ya Rais Mwai Kibaki, aliyeapishwa mwishoni mwa Desemba 2002. Miaka 40 ya watu wote iliwakilishwa na mtu aliyekuwa ikulu kwa mwaka mmoja. Desturi ilikuwa imezoeleka kiasi kwamba wengi hawakuuona utata huo.

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoivunja desturi. Ibara ya 231 inasema kwamba noti na sarafu zinaweza kuwa na taswira zinazoiashiria Kenya au sehemu ya maisha yake, lakini zisiwe na picha ya mtu binafsi. Sarafu mpya zilizotolewa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Noti zilizofuata mwaka 2019 zilionyesha jumba la KICC pamoja na sanamu ya Kenyatta iliyoko mbele yake, na mlalamishi mmoja akaenda mahakamani akidai kwamba katiba imekiukwa. Mahakama Kuu haikukubaliana naye. Kwa mwanafunzi wa semantiki, kesi hiyo ni hazina: je, picha ya sanamu ya mtu ni picha ya mtu? Swali la Accra la mwaka 1957 lilikuwa limefika Nairobi, safari hii likiwa limevaa joho la sheria.

Hitimisho

Shilingi kumi ya fedha ya mwaka 1958 ilitengenezwa kwa nia njema na kwa ustadi. Ilimwondoa mtawala wa kigeni mahali palipoonekana na kila mtu, na kwa hilo inastahili nafasi yake katika historia ya ukombozi wa Afrika. Kasoro yake haikuwa katika picha peke yake. Ilikuwa katika kuyapa maneno yake lugha isiyo na wasikilizaji na cheo kisicho na mrithi. Tanzania ilionyesha kwamba maneno matatu ya lugha ya watu yanaweza kumheshimu kiongozi na papo hapo kumkumbusha mipaka yake. Kenya, baada ya safari ndefu zaidi, iliamua kuuondoa uso wote.

Wanaopigania Kiswahili katika bunge, mahakama na vyuo vikuu wasidharau medani ndogo kama hii. Kilichoandikwa katika fedha ya nchi husomwa na watu wengi kuliko kilichoandikwa katika vitabu vyake. Nacho kinapoandikwa kwa lugha inayoeleweka, raia hupata fursa ambayo raia wa Ghana wa mwaka 1958 hakuipata: fursa ya kukisoma, kukipima, na hata kukikataa.

Maswali ya kujadili

1. Fafanua tofauti ya kimaana kati ya "mwasisi", "mwanzilishi" na "baba wa taifa". Ni lipi linaloruhusu mrithi, na kwa nini?

2. "Lugha isiyo ya mtu yeyote haina upendeleo, lakini pia haina mtetezi." Jadili kauli hii ukirejelea nafasi ya Kiingereza nchini Kenya.

3. Tafsiri neno "civitas" kwa kutumia kila moja la maneno dola, taifa, nchi na umma katika sentensi "Nkrumah ni mwasisi wa ...". Eleza jinsi dai linavyobadilika.

4. Chukua sarafu yoyote iliyo karibu nawe. Orodhesha maneno na picha zilizomo, kisha ueleze hadhira inayokusudiwa na hadhira iliyosahauliwa.